Asali ya Peke Yangu

Majengo, Mpanda
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Sikuzani,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na shemeji Mikidadi na wote wa hapo kwenu Inyonga. Mgongo wa shemeji vipi, tangu ateleze akitundika mizinga? Mwambie umri wa kupanda miti umeshapita, aajiri vijana. Sisi huku, Mama hajambo, ni miguu tu. Amira ameanza kuhesabu hadi ishirini, ila kumi na saba anairuka kila mara, sijui imemkosea nini. Na mimi nipo. Ningeandika "mzima" ningekuwa nimeanza barua kwa uongo.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Simu yako, dada, mkiwa porini haishiki mtandao, na ikishika unaweka spika, nasikilizwa na ua mzima mpaka wateja wa asali wananipa pole. Haya ni yako peke yako. Soma mwenyewe, halafu uamue la kumwambia shemeji.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Nilipojifungua Amira nikavimba miguu, tukasema ni uzazi. Nikawa siwezi kulala chali, tukasema ni uchovu. Kumbe moyo ulikuwa umetanuka na kulegea. Nyie mlilia, mimi nikauza. Mashine mbili za kukobolea mpunga kati ya tatu, na kiwanja cha kule stesheni. Mali niliyoianza kwa kupepeta mchele wa watu kwenye kibanda cha kuazima, hakuna ndugu aliyenishika mkono, na sisemi hivyo kukulaumu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda India na moyo wangu, nikarudi na wa mtu nisiyemjua. Niliambiwa tu kwamba alikuwa kijana.

Sasa moyo ule mwili wangu unaujua kuwa ni mgeni. Walinzi wa damu, zile chembe nyeupe, wakiamka wataushambulia kama wanavyoshambulia malaria. Ndiyo maana nameza dawa kila baada ya saa kumi na mbili maisha yangu yote, za kuwalaza walinzi. Majengo nao walijiwekea hesabu yao. Mama Naseeb aliniuliza bombani, mbele za watu, kama na mimi nimeingia chama cha wameza dawa kwa saa. Nilicheka, maana analeta mpunga kwangu. Lakini nilirudi nyumbani sina hamu ya chakula.

Mwanzoni, kujua kama walinzi wametulia, walikuwa wananipitishia waya kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo, wananyofoa kipande kidogo. Baadaye wakaniingiza kwenye kipimo cha damu. Nakwenda Dar es Salaam, wanachota damu, inasafirishwa kwa barafu hadi India. Huko hawatafuti mdudu. Wanasoma vinasaba vilivyomo ndani ya zile chembe nyeupe, maagizo ambayo kila chembe huzaliwa nayo, waone yapi yamelala na yapi yameanza kufanya kazi. Yakianza kuamka, damu inasema kabla moyo wenyewe haujahisi kitu. Ni kama shemeji anavyoweka sikio kwenye mzinga. Nyuki hubadili mvumo kabla hawajatoka kuuma.

Jibu linakuja kama namba moja, sifuri hadi arobaini. Mstari wangu mimi ni thelathini na nne. Nilikuwa napata ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na tano. Ile ya kabla ya Ramadhani ikaja thelathini na moja. Iliyofuata, thelathini na sita.

Kaka Haidari aliposikia akaanza kuuliza nani atamlea Amira, niko hapo hapo naandaa chai. Nilimwambia ajifunze hesabu kwanza. Dokta Emerensiana, yule mama wa Kipimbwe anayenitibu, alinieleza vizuri. Kati ya watu mia waliovuka mstari, wengi wakichunguzwa moyo hukutwa hauna kitu. Namba ikiwa chini, ulale usingizi. Ikiwa juu, maana yake ni moja tu: fungua uangalie. Nilijiweka kwenye wale wengi. Hesabu ilikuwa upande wangu.

Ila alipopima na kiwango cha dawa kwenye damu, akakuta nusu ya kinachotakiwa. Akaondoa miwani akaniuliza, "Zuhra, dawa unameza au unatupa?"

Dada, sijawahi kuudhika vile. Mimi niliyeweka kengele mbili kwenye simu, niliyetoka msibani kwa baba mkwe kwenda kumeza dawa nyuma ya nyumba. Nikamwambia nameza zote. Akaniuliza kama kuna mitishamba. Nikaapa hakuna. Alinitazama kama mtoto mwenye sukari mdomoni.

Wakapitisha tena waya shingoni. Safari hii sikuwa kwenye wale wengi. Walinzi walikuwa wameshaingia kwenye nyama ya moyo. Walinitundikia dripu za kuwapiga, wakanizidishia vidonge mara mbili, wakaniruhusu nije nimwone mtoto. Nguvu ya moyo kusukuma damu ilikuwa hamsini na nane kwa mia. Leo ni thelathini na moja. Dokta alisema palipoliwa pamekuwa kovu, na kovu halisukumi damu. Moyo mwingine sitapata. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Sasa tulia, dada.

Nilirudi hapa nikakuta galoni lile la asali ulilonipa limebaki kidogo chini. Shemeji huchuja asali yake kwa kitambaa mara mbili, Katavi nzima inajua. Chini ya galoni kulikuwa na unga wa kahawia, mzito kama tope. Nikakumbuka ulivyonikabidhi. Ulisema ni yangu peke yangu, nikoroge kwenye uji kila asubuhi, na Amira nisimpe hata kijiko. Nilidhani unalinda meno yake.

Nilimuuliza Mama. Alilia kabla sijamaliza swali, akasema ni mizizi uliyotia wewe.

Sikushangaa. Nakumbuka siku nilipokueleza kwamba dawa zangu ni za kushusha kinga. Ulishika kichwa. Wewe uliyezunguka vijiji vya Mlele na baiskeli miaka ile ya ukimwi, mhudumu wa afya, ukifundisha watu kwamba kinga ikishuka mtu anakufa. Uliokoa wengi, wapo wanaotembea leo kwa sababu yako. Ukaniambia, "Kinga inaongezwa, Zuhra. Haishushwi." Nikadhani umeliacha hapo. Kumbe ulikwenda kutafuta mizizi ya kuiongeza, ukaiponda, ukaificha kwenye asali kwa sababu ulijua nitakataa. Uliwaamsha walinzi, dada, na dawa zangu ukaziondolea nguvu. Ile namba ilikuwa inalia hivyo, hatukuielewa.

Nilimpigia dokta. Nilimwambia ni mimi, nilinunua dawa kwa mpitaji gulioni nikaona aibu kusema. Akasema amesikitika, alikuwa ameanza kuniamini. Kwa hiyo pale kwenye faili langu mwongo ni mimi. Haidari hajui. Mama nimemfunga mdomo. Sikufanya hivyo kwa upole. Nina hasira ambayo sijapata pa kuiweka. Nimefanya hivyo kwa sababu nikiondoka, Amira atabaki na wewe, na sitaki alelewe na mtu anayenyooshewa kidole.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Dozi yangu imezidishwa kwa sababu ya mizizi ile. Mizizi ikishatoka mwilini, dozi hiyo hiyo itaniua figo. Wanahitaji kujua ni mti gani ili wajue wapunguze lini na kiasi gani. Niandikie jina lake, hata la Kikonongo, na ulitia kiasi gani. Kama hujui, nenda kwa aliyekupa, chukua tawi lenye majani, mpe dereva wa basi. Alhamisi narudi Dar es Salaam. Fanya kabla ya hapo, ulie baadaye.

Galoni la pili ulilotuma lilifika jana. Nimelifunga kwenye mfuko, linarudi na barua hii. Usiliuze, usimpe mtu.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mama anakusalimu, hajui nimeandika nini. Amira anauliza shangazi yake atakuja lini, maana wewe anakuita shangazi, nimemwambia ni mama mkubwa mpaka amechoka kunisikiliza. Ukija, mletee asali. Tupu. Umpe kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nikiwepo nitakaa hapo hapo niangalie anavyokula.

Wako wa tumbo moja,

Zuhra