Rota ya Kauri Uliyoniachia

Baba,

Shikamoo. Jana injini yako iliwaka.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Baba Mdogo alikuja gereji yako pale Igogo na mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisema ulipoteza miaka bure, kwamba hakuna mwenye akili anayetia kauri, kitu cha vikombe na sahani, kwenye injini inayozungushwa na moto. Mnunuzi alikuwa ameshaishika fremu ya injini. Nikasimama mbele yake.

"Baba Mdogo, hii haiuzwi."

Akauliza mimi ni nani wa kumjibu hivyo. Sikusogea, Baba, mpaka gari lao likaondoka.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo ulipoichomoa ile rota, gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na moto, kwenye turbo ya gari kuukuu la Kijapani, ukaniwekea kiganjani, ukacheka nilivyoshangaa wepesi wake. Ukaniambia chuma kikizidiwa na moto kinalegea, kauri hailegei. Nilikuwepo pia ilipopasuka siku ulipowasha injini, mtaa mzima ukacheka. Wewe ulifagia vipande ukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Wiki ileile presha ikakuchukua, nao wakasema umekufa kwa aibu. Waongo.

Nilivikagua vipande vyote. Panga moja lilikuwa na alama ya kugongwa. Nikafungua bomba linalopeleka moto kwenye rota, nikakuta kutu inabanduka. Kauri haikushindwa na moto, Baba. Iligongwa na punje ya kutu, na bomba lile nililichomelea mimi kwa chuma cha kuokoteza. Kosa ni langu. Nimemwambia hivyo kila aliyekucheka.

Nikatengeneza bomba jipya la chuma kisichoshika kutu. Nikafunga ile rota nyingine uliyoiweka akiba, nikaizungushia ngao nene ya kuzuia vipande. Jana asubuhi nikawasha. Ilinguruma, kasi ikapanda, tundu la moshi likawa jekundu kama kaa, na haikuzima mpaka mafuta yalipoisha. Baba Mdogo alikuwa mlangoni. Akaomba niwashe tena. Nikamwambia kwanza asimame nyuma ya ukuta.

Nakuahidi, nitaifunga kwenye pampu kule Kigongo, ivute maji ya ziwa mchana kweupe, waone. Rota ikipasuka, nitatafuta sababu na kufunga nyingine.

Wewe pumzika, Baba. Mimi bado.

Mwanao,
Kabula