Mto wa Mutheu

Jumanne.

Natangaza rasmi: gundi imetoka vidoleni mwangu.

Ndiyo niliyobandikia mto wa uzi wa katani na mlima wa mchanga kwenye ramani ya mtihani, ili Mutheu, mwanafunzi wetu asiyeona, aipapase. Muhula uliopita alipewa karatasi tupu, swali likampita. Niliogopa leo pia litampita, maana kazi hii nimejifunza mwenyewe.

Alipapasa, akacheka. "Mwalimu, huu mto mbona umepanda mlima ukashukia upande ile ingine?"

Mwalimu wa jiografia, aliyeichora ramani yenyewe, akainama kutazama. "Aiya! Ndivyo nilivyouchora!"

Wenye macho darasa zima walikuwa wameshajibu bila wasiwasi. Mutheu alicheka mpaka akanishika mkono. Bado natabasamu peke yangu.

Swali limefutwa.