Kipaza Sauti Kwenye Kola

Mwenzangu, nimejifungia kwenye choo cha kanisa. Sijui hata kama nalia.

Si unajua yale maneno ya Yesu yalivyonisumbua? Huku tusihukumu, huku ndugu akikosea umwonye mkiwa wawili tu. Leo nikaamua kuonya.

Nilipomaliza kusoma somo la ibada nikamvuta wifi yangu hadi chumba cha kwaya, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Wifi, unanuka pombe tena, na kaka hajui."

Nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye spika za kanisa. Kaka hajui. Na kaka amekaa kiti cha mbele.

Kile kipaza sauti kidogo nilichosomea somo kilikuwa bado kwenye kola yangu.

Wifi hakufoka. Alikibandua, akakizima, akasema taratibu, "Haya, sasa tuko wawili. Nionye."