Mbuzi Wangu Mbele ya Kamati

Jumamosi, Timbwani

Na mbuzi mwenyewe wala hana haya. Yuko nje hapo dirishani, anacheua.

Miaka miwili nawahimiza vijana wa mtaani: shikeni uongozi wa mazingira, msituogope sisi wazee. Leo wamenisikia. Mbuzi wangu kala miche yao ya mikoko kitaluni, basi mwenyekiti wa kamati yao, Mwanasha, binti wa miaka ishirini, akaitisha kikao. Mbuzi akafungwa kwenye mguu wa meza kama mshtakiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Nikadhani yamekwisha.

"Babu, kamati inapendekeza ulinde kitalu kila alfajiri mpaka miche mipya ikue."

Katibu alipoinama kuandika, mbuzi akamnyang'anya karatasi ya kumbukumbu za kikao akaila. Wallahi, ikabidi tuanze upya, kuanzia shikamoo.

Nakiri nilikuwa na hofu kwamba wakishika uongozi hawatanihitaji tena. Sasa wananihitaji saa kumi na moja alfajiri, nami na magoti haya ya kizee.

Kura ilipopigwa, mikono yote ilikwenda juu. Wangu ulitangulia. Hoja ilikuwa ya haki, na kutetea hoja nilimfundisha Mwanasha mimi mwenyewe.