Kompyuta Kumi za Shule Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Mwenyekiti wa bodi anataka shule zetu nne ziwe na mkakati mmoja wa teknolojia. Mkakati wa pamoja! Sisi ambao hata kengele zetu za mapumziko hazijawahi kukubaliana. Nimefanywa katibu wa kamati kwa sababu ni mimi tu niliyeweza kuwasha projekta. Niliichomeka tu kwenye umeme. Wakuu wote wanne wakanipigia makofi.

Mpango wenyewe ni huu: Mwenyekiti atazitembelea shule zote. Ile yenye chumba bora cha kompyuta ndiyo itakuwa kituo. Kituo kitaletewa mashine mpya na intaneti. Shule nyingine zitafunga vyumba vyao na kupeleka watoto huko. Nikajiambia, chumba bora si ni changu? Shule yetu ndiyo ndogo kuliko zote, lakini zile kompyuta kumi nilizifufua mwenyewe, kwa bisibisi na kwa matusi. Chumba kikifungwa, watoto wangu watapanda kilima kwa miguu hadi shule ya juu, na mimi nitarudi kufundisha kompyuta kwa kuichora ubaoni. Nimeshafanya hivyo miaka. Sirudi huko, hata kwa dawa!

Nimemsimulia mke wangu. Akauliza kama mama yake alinisalimia — mama yake ndiye mkuu wa hiyo shule ya juu. Ndiyo, alinisalimia. Alisema nimekonda.

Jumanne, 4 Machi

Mama Mkwe kaja nyumbani bila taarifa, na taulo mbili mpya mkononi. Nikajua kuna jambo. Akasifia mapazia. Akasifia hata kipara changu, eti kinanipa heshima. Kisha akashusha kikombe: "Baba, zile kompyuta zako, niazime Alhamisi asubuhi. Mgeni akija akute chumba kina kitu."

Chumba chake kina meza, na laptopu moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Hajawahi kuifunua, isije ikapata baridi.

Nilianza kumweleza kwamba haya ni mashindano, mama, na mimi na wewe tumo humo humo — mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Mama anastaafu mwisho wa muhula. Anataka aondoke kwa heshima. Na ukweli usemwe, hivi ndivyo tunavyoishi. Mgeni akija, shule huazimana. Viti, darubini, zulia la ofisi. Ile mifupa ya plastiki ya maabara, Bwana Mifupa, imeshakaa shule zote nne na kila mahali wamedai ni yao. Hakuna aliyewahi kumnyima mwenzake.

Nikasema haya, mama, chukua. Mwanamume mzima mimi!

Jumatano, 5 Machi

Habari zimesambaa. Profesa, mkuu wa shule ya sokoni, kapiga simu (si profesa, ni miwani tu ile). Naye anaomba mashine zipite kwake Alhamisi mchana. Sijakata simu vizuri, akaingia Mpole, mkuu wa shule ya bondeni. Tunamwita Mpole kwa sababu akinong'ona madirisha yanatikisika. Yeye anazitaka Ijumaa. Nimemweleza mkuu wangu, nikitumaini atanitetea. Akasema tusiwe wachoyo, akarudia usingizi wake.

Basi nikakaa nikapanga. Nani anapokea, nani anarudisha, pikapu ipite njia ipi, nyaya zifungweje, paswedi ni ipi. Nikawatumia wakuu. Wote wamekubali palepale, bila kubadilisha hata nukta!

Ule mkakati wenyewe je? Bado tuko kwenye kichwa cha habari. Profesa anataka neno "dira", Mpole anataka "dhamira". Mama Mkwe kachapisha karatasi, kasahihisha kwa kalamu nyekundu, kanirudishia ndani ya bahasha. Kanipa "jitahidi".

Alhamisi, 6 Machi

Siku ndefu. Asubuhi kwa Mama Mkwe. Mashine zimepangwa vizuri, Bwana Mifupa kasimama pembeni, zulia la Profesa liko chini. Kumbe nimesahau kitu: mwanafunzi wangu mmoja alibandika ua la njano juu ya skrini ya mashine moja. Kubwa, halikosi kuonekana. Mwenyekiti akaligusa. "Zuri hili." Mama Mkwe akajibu kwamba hapa watoto hufundishwa kupenda vifaa.

Mwenyekiti akamwomba awashe mashine yoyote. Mama Mkwe akaenda ukutani akawasha feni. "Sisi huanza na hewa," akasema, "zisipate joto." Jamani, huyu mama! Nilimwonea fahari, naapa, ingawa alikuwa ananipora chumba changu.

Alipokuwa anamnywesha mgeni chai ya pili, sisi tulikuwa nyuma tunapakia pikapu.

Mchana kwa Profesa. Mwenyekiti kaingia, kaona ua, kasimama. "Hata huku?" Profesa hakupepesa jicho: "Huo ndio ushirikiano wenyewe, Mwenyekiti." Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea kutembea.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa Mpole. Safari hii Mwenyekiti alilitafuta ua mwenyewe, na alipoliona akafurahi sana. Akanivuta kando: nani aliyebuni nembo moja kwa shule zote? Nikasema kamati. Anataka ua liwe kwenye jalada la mkakati. Sasa nina jalada!

Shule yetu atakuja Jumatatu. Mashine zilitakiwa zirudi leo jioni. Hazikurudi! Mtunza stoo wa Mpole kazifungia kwa usalama, kisha kaenda zake harusini, mbali, na ufunguo mfukoni. Simu yake imezimwa. Nilipompigia Mpole aliniambia nisiwe na wasiwasi. Mke wangu alisikia akiwa uani.

Jumamosi, 8 Machi

Mtunza stoo hapatikani. Mke wangu anauliza kwa nini sikubakiza walau mbili. Kwa nini! Nani alinikanyaga mguu?

Tumenuniana. Nimejifutia uso kwa taulo ya mama yake, ikaniachia rangi ya bluu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haya kikaoni, chumba cha walimu, nikijifanya nachukua kumbukumbu za kikao.

Mwenyekiti kafika mapema mno, na wakuu wote nyuma yake. Mtunza stoo karudi alfajiri na pikapu iko njiani, lakini wapi. Nilisema ufunguo wa chumba umepotea. Mkuu wangu, aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza tangu mkakati uanze, akatoa ufunguo wa akiba. Mlango ukafunguliwa. Meza kumi tupu, nyaya zinaning'inia. Juu ya kila meza, katikati ya vumbi la chaki, mraba msafi pale mashine ilipokuwa imekaa. Bwana Mifupa tu ndiye aliyerudi kwa wakati.

"Mwalimu wa kompyuta bila kompyuta," Mwenyekiti akasema. Hakusema kwa ubaya. Heri angesema kwa ubaya.

Sasa ananisomea niandike: kituo kiwe shule ya juu, shule hii haina kitu, chumba kifungwe, meza zihamishwe. Kalamu yangu inakwenda, ila siandiki hayo. Nikisema ukweli, namvua nguo mama wa mke wangu mbele za watu, na muhula wenyewe ndio unaisha. Nikinyamaza, kuanzia wiki ijayo watoto wangu wanapanda kilima. Mkuu wangu anasinzia tena. Profesa anafuta miwani ambayo imeshafutwa. Mpole yuko kimya. Mpole!

Mama Mkwe ananitazama mimi. Mimi naitazama karatasi.

Honi nje. Pikapu! Imeingia hadi chini ya dirisha. Kompyuta zimefungwa kamba nyuma, na ile iliyo mwisho imegeukia huku, na ua lake la njano.

Mwenyekiti kasogea dirishani. "Ile," anasema taratibu, "si nembo yetu?"

Anauliza mbona mashine zinaletwa hapa, zinatoka wapi, ni za nani. Ananigeukia mimi, katibu.

Mama Mkwe kasimama. Kajitengeneza kilemba. "Keti, Mwenyekiti." Na mwenyewe kaketi, kama mtoto wa darasa la kwanza! "Lile ua si la shule yangu, wala mashine zile —" kaanza, kisha kanigeukia. Macho yake yamelowa, lakini sauti ni ileile ya kunikagua kama nimekonda. "Baba, weka kalamu chini. Hili si la kuandikwa."

Nimesema, naam, mama. Na bado naandika.