Machozi Yako ya Kasugho na Sahani ya Papa

Kambali, Butembo
Tarehe 6 mwezi wa saba, 2025

Mpendwa mdogo wangu Sadrack,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mke wako Ngalula na Jordy wenu. Mko wazima huko Kisangani? Joto halijawamaliza? Malaria ya Jordy imepona kabisa, au bado inamrudia? Huku tu wazima. Baridi ya asubuhi ni ile ile unayoijua, ya kumfanya mtu anawe uso tu na kutangaza kwamba ameoga. Mume wangu Kahongya bado anauza vitenge vyake, na binti yetu Jemima amekwisha kunipita urefu.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Sababu utaiona mbele, usiwe na haraka. Nimempa Éliakim, jirani yetu anayeendesha lori hadi Kisangani.

Habari kubwa ni ya Papa, mzee wetu hapa nyumbani. Tangu Pasaka kidole gumba cha mguu wake wa kuume kilivimba kikawa chekundu, hata shuka likimgusa anapiga kelele, yeye Mwalimu Zorobabel ambaye hatukuwahi kumsikia akilalamika. Daktari alikuta goutte, ule ugonjwa wa viungo, na tension, shinikizo la damu, juu yake. Hakumkataza nyama kabisa. Alisema kipande kimoja Jumapili, siku nyingine maharagi, majani, viazi na matunda, la sivyo mguu utaharibika na figo zitafuata. Papa aliitika kama mwanafunzi mwema. Tulipofika nyumbani akauliza nyama ya jioni iko wapi.

Basi nikafanya ujanja. Sikubishana naye, nikawa napika tu: leo sombe, yale majani ya muhogo, na karanga, kesho maharagi na majani ya maboga, kesho kutwa mchicha wetu wa lenga-lenga na uyoga. Lo, Sadrack, nyumba ilinukia Mama! Kila nilipotwanga sombe nilisikia kinu chake cha kijijini Kasugho, nikakuona wewe umechuchumaa na kaptula yako yenye kiraka, unangoja achovye kidole kwenye mawese akulambishe. Kasugho hatufiki siku hizi, unajua mwenyewe hali ya njia. Kumbe ilikuwa ndani ya chungu muda wote huo. Nililia jikoni, Jemima aliponiuliza nikasingizia vitunguu.

Papa alikula hivyo kwa wiki mbili. Jumamosi moja nikasikia nyimbo mlangoni. Walikuwa akina mama wa kanisa, Mama Sophie mbele, beseni kichwani: mchele, mafuta, chumvi, na paja zima la mbuzi! Kumbe Papa alichechemea hadi kwa pasta akaomba maombi kwa ajili ya "jamaa moja iliyokosa", yaani isiyo na chakula, bila kutaja jina. Na unawajua akina mama wetu: ukiwaambia kuna jamaa iliyokosa, hawaombi kwa mdomo tu. Waliuliza ni nani aliyepeleka ombi, wakahesabu moja na moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kahongya, na duka lake zima, alijificha chumbani.

Walipoondoka, Papa alinishika mkono.

"Orpa, munanificha nini? Duka ya bwana yako imeanguka? Sema tu, mimi niko muzazi wako."

Nilimkumbusha maneno ya daktari, nikamwonyesha mguu wake mwenyewe. Akakaza shingo.

"Majani kila siku, ile ni chakula ya mwaka wa njaa. Niliapaka mbele ya Mungu batoto yangu hapana kula vile tena."

"Lakini Papa, sisi tulipenda ile chakula!"

"Hapana. Sadrack alilia. Niliona na macho yangu."

Unaukumbuka mwaka ule? Walimu hawakulipwa, na Mama alipika kila kilichoota nyuma ya nyumba. Kwangu mimi hakuna mwaka mtamu kama ule. Papa alitusimulia Biblia huku tukila sahani moja, na Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini. Lakini yeye anakumbuka jioni moja tu: wewe, miaka mitano, unalia juu ya sahani hadi unakosa pumzi. Aliniuliza mimi dada mkubwa unalilia nini. Nikajibu, "Anataka nyama." Papa akatoka nje, akasimama ametupa mgongo. Kesho yake aliondoka na baiskeli yake, akarudi kwa miguu akivuta mbuzi. Mwaka mzima alitembea hadi shuleni. Tangu hapo nyama haikukosa Jumapili, na tulipohamia Butembo ikawa kila siku.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, unisamehe. Hukulilia nyama. Mama alikuwa akimwekea kila mmoja kipande cha boga kilichoivia ndani ya maharagi, nawe ulikuwa unakiacha chako ukile mwisho. Ulipogeuka kutazama kuku, nilikinyakua nikakimeza. Nilikuwa na miaka tisa, niliogopa fimbo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka thelathini, imefika kwenye mguu wa Papa.

Nilimwambia yote. Alicheka tu.

"Bongo! Ni uongo. Unasema vile juu nikule majani. Sadrack aandike yeye mwenyewe, na mukono yake."

Simu hataki, anasema nitakufundisha maneno. Lakini mwandiko wako alikufundisha yeye, hakuna wa kumdanganya. Kwa hiyo andika, umpe Éliakim akirudi. Kama unakumbuka boga, sema boga. Kama umesahau, usinitungie uongo, mmoja umetosha. Sitaki aache nyama kabisa. Kipande chake cha Jumapili nitampa, na siku ukija firigisi ya kuku ni yake, kama desturi. Nataka tu ale chakula cha Mama bila aibu.

Msalimie Ngalula, mbusu Jordy, na shangazi Joyeuse ukimwona mwambie bado namdai picha ya Mama.

Kabla sijafunga bahasha: jana nilipika maharagi na boga. Papa alikula maharagi yote. Nilipoondoa vyombo nikakuta kipande cha boga kimebaki, amekifunika na sahani ndogo. Nikataka kukitupa, akanizuia.

"Wacha pale. Ni ya Sadrack."

Mungu aliyetulisha Kasugho awalinde ninyi na safari zenu zote.

Wako akupendaye, na aliyekula boga lako,
Dada yako Orpa