Mkubwa Wangu, Ni Mimi Niliyemwambia Padri

Mkubwa wangu mpendwa,

Anselme hakukusaliti. Ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka sitalisema, unanijua.

Unakumbuka tulivyokaa dawati moja hapa Goma, wewe ndevu zimeshaota kwa kuwa Papa alichelewa kukupeleka shule, mimi mdogo wako nikikunong'oneza vitenzi vya Kihispania? Tulikuwa saba tu katika darasa la mwaka wa pili, na wenzetu walitucheka: Kihispania mtaongea na nani, na ng'ombe? Padri aliyetufundisha alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Ndiye pia aliyetuanzishia masomo ya kuigiza, na huko hukuhitaji kunong'onezwa. Siku ya kwanza tu ulitembea kama bibi aliyebeba kuni, Padri akakaa sakafuni kwa kicheko.

Siku ya mchezo wazazi walijaa. Wewe ulikuwa tajiri bahili, rafiki yetu Anselme alikuwa mkulima maskini. Alipokupa mkono ukaushika, kisha ukachomoa kitambaa, ukajifuta kidole kimoja kimoja, ukasema maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Muzee, mukono yako iko muzuri, lakini baki nayo." Watu walicheka hadi machozi. Wote walimjua mkuu wa shule, yule mzungu, jinsi anavyojifuta akishasalimiana na mzazi mweusi. Papa naye alifanyiwa hivyo siku alipomletea kuku kutoka kijijini kwetu Kalengera. Mkuu mwenyewe alikuwa safarini siku ile.

Kesho yake Padri aliniita nimsaidie kukunja mapazia, akaniuliza watu walicheka nini. Nilimweleza yote kwa Kihispania. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na majivuno. Nilitaka aone ninavyoweza kusimulia jambo refu bila kukwama. Alicheka sana, akanisifu. Mkuu aliporudi, Padri akamsimulia mezani kama kichekesho, na mkuu hakucheka. Kabla ya saa sita ulikuwa nje ya lango na godoro lako begani.

"Nani aliwaambia?" uliniuliza.

"Sijuwe."

"Ni Anselme tu. Yeye ndiye alikuwa karibu yangu jukwaani."

Nikanyamaza. Kukana kwangu kulikuwa kufupi, lakini kule kunyamaza kumeendelea hadi leo.

Bila cheti cha tabia njema hakuna ofisi iliyokutaka, ukaenda kuchimba madini Masisi. Asubuhi moja ya mvua udongo ulikufunika. Anselme alikuja kwenye maziko na jembe lake, akitaka kusaidia kuchimba. Papa, uliyemwambia ni yeye aliyekusaliti, akamfukuza mbele ya watu wote. Nilikuwa nimesimama palepale. Aliondoka peke yake kwa miguu, na mimi nikala chakula cha msiba nikashiba. Umekufa ukimchukia mtu asiye na kosa. Nakulilia, mkubwa wangu, na nakuogopa pia.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mchana huu Papa amekuja kunitazama, akanikuta na karatasi hizi. Hajui kusoma, ila unajua anavyopenda kusikiliza.

"Uko unaandika nini?"

"Masomo, Papa. Kihispania."

"Nisomee kidogo."

Nikamsomea barua hii yote, mkubwa wangu, nikiigeuza papo hapo kwa Kihispania. Jina la Anselme tu nililiruka, asije akalitambua. Nilipofika kwenye maziko sauti ilinikatika, naye akanishika bega.

"Inasikilika muzuri," alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. "Mukubwa yako angefurahi. Soma tena."

Nikasoma tena.

Pumzika, kama unaweza.

Mdogo wako